Presentation ya utandawazi, na mgeni aliyekataa pweza wa mamangu

Wakuu, salaam aleikum, na wasiojibu salamu hamjambo pia.

Nimesoma humu vijana wakilalamikia group work za chuo. Nimecheka. Shida yenu ni wenzenu wavivu tu. Ngojeni niwape yangu, na wallahi sitii chumvi.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nasoma chuo kimoja Changamwe, kwetu Likoni. Mwalimu akatupa mada ya globalisation na vile inavyotugusa sisi. Neno utandawazi wengi wetu ndio kwanza twalisikia.

Tulikuwa watatu. Mimi, jirani yangu Rashidi tuliyekua naye, na Ombati, kijana wa bara, mpole, aliyepanga chumba kulekule Changamwe.

Babangu alikuwa opereta wa krini bandarini. Ameona makontena yakiingia na makuli wakitolewa. Nikasema twendeni Jumapili nyumbani tukamhoji.

Ombati akaja na kaseti rekoda.

Hapo ndipo mamangu alipoanza kumtazama kwa jicho la pembeni. Mnakumbuka zama zile? Kila chuo kilisemekana kina makachero wanaojifanya wanafunzi. Mtu akiuliza maswali mawili matatu, watu waanza kukonyezana.

Mama alipika wali na pweza wa nazi. Ombati akasema ameshiba. Akabembelezwa, akasema ameshiba. Hata kuonja hakutaka.

Nyinyi wa bara mnaosoma hapa, nieleweni vizuri: kwetu Pwani ukikataa chakula cha mwenyeji, hatusikii kwamba umeshiba. Twasikia kwamba watuona wachawi, au una jambo nasi na waogopa kula chetu kisha utufanyie ubaya.

Rashidi naye alikula sehemu yake na ya Ombati. "Mama, nitilie mchuzi tena." Mama roho yake kwatu.

Baba akaongea siku ile, akaongea. Akataja hata kwamba wenzake wanapanga kugoma. Akatuonya, "Hilo lisitoke hapa."

Presentation ikaenda vizuri. Ombati ndiye aliyesema zaidi, na mgomo hakuutaja kabisa. Darasa likapiga makofi.

Siku chache baadaye baba akaitwa ofisini. Maneno yake ya mgomo akarudishiwa yalivyo, mpaka mzaha alioutia juu ya bosi wake. Akaambiwa akae nyumbani uchunguzi ufanywe, krini akapewa mtu mwingine. Wakuu, nyumba nzima ile ilikula kwa mkono wa yule mzee.

Mama hakuhitaji ushahidi. "Hali chakula chetu, ana kaseti. Mwataka nini tena?"

Kesho yake nikamkabili Ombati mbele ya watu. Kaseti iko wapi? Akaitoa mkobani akanipa. Hata hilo nikaliona ujanja.

Jioni Rashidi akaja kutupa pole. Mama akamwandalia. Anamega, anamlaani Ombati, anamega. "Watu kama hawa si wa kukaribisha, mzee wangu."

Nikaitia ile kaseti kwenye redio. Tukasikia meli, makontena, makuli. Kisha Ombati akiaga awahi feri, baba akimwambia karibu tena, halafu kimya. Mgomo haumo.

Baba akaizima redio. "Lile la mgomo nililisema tukinywa chai," akasema. "Yule kijana alikuwa ashaondoka."

Tukatazamana. Kwenye chai ile tulikuwa sisi wa nyumbani na Rashidi.

Sikuwahi kumwona baba amekasirika kwa sauti ndogo vile. Akalisogeza sinia karibu na Rashidi. "Kula, mwanangu. Chakula hakina makosa."

Rashidi tonge lilimkaa mkononi, halipandi halishuki. Akanawa, akavaa ndara zake, akatoka. Haukupita muda akaacha chuo, nikasikia yuko bandarini, karani. Baba hakurudi kwenye krini maisha yake yote.

Nikamfuata Ombati nikamuuliza, ndugu yangu, kwani siku ile hukula kwa nini?

"Mimi ni Msabato," akanijibu. "Sisi pweza hatuli. Na mama yako alikuwa ameshahangaika jikoni, nikaona haya kusema."

Mama alipopata habari hiyo alikaa kitako kwenye kibao cha mbuzi cha kukunia nazi, akashika tama. "Jamani! Si angesema nimkaangie mayai?"

Basi wakuu. Mbele ya lile darasa tulisema mashine za ng'ambo ndizo zitakazowatoa wazee wetu kazini, na tukapewa alama nzuri tu. Wangu mimi alitolewa na mtu aliyemwita mamangu mama.

Msinisome kwamba nasema tuaminiane. Hapana. Mimi nashuku watu mpaka leo, tena kuliko zamani. Mgeni anayekaa ukumbini kimya simhangaikii sana. Naanza na yule anayeingia kwangu bila kupiga hodi.

Haya, uwanja ni wenu. Na kama Rashidi yumo humu kwa jina la bandia, naye aseme.