Agiyarasi Mara Mbili

Majina ya mwezi ya Kihindi niliyajulia jikoni. Kabla sijaolewa nilikuwa nikipika kwa mke wa mwenye duka mmoja wa Kibanyani, hapa Palma. Ukutani mama yule alitundika kalenda yenye mwezi mdogo kwenye kila tarehe, na kila siku ya mwezi ina jina lake. Mwezi ukifichika kabisa ni amasi. Ule mwembamba tunaouona sisi na kusema umeandama, ni biji, kwao ya pili. Nusu ni athami, mpevu ni punamu. Agiyarasi ni ya kumi na moja, na siku hiyo yeye hali wali wala mkate. Nilimchemshia viazi na karanga. Tena kuna siku, alinieleza, zinazokuja mara mbili, leo na kesho jina moja, na nyingine zinarukwa kabisa. Nikamwambia hiyo si hesabu. Alicheka mpaka akakaa chini.

Mume wangu alikuwa mvuvi, na majina hayo yalimfurahisha kupita kiasi. Kila alfajiri: "Mke wangu, leo Kibanyani nini?" Nikisema amasi au punamu, anajua ni bamvua, maji yatakupwa mbali, anachukua mkuki wake wa pweza. Nikisema athami ananuna, maji mafu. Nikisema leo ni ile ya mara mbili, anarudi kulala. "Jana ya bahari, leo ya nyumbani," alikuwa akisema. Mvivu hakosi sababu. Nami nakiri, mara nyingine nilimdanganya makusudi.

Alikwenda kisiwani Macaloe na wenzake siku ya tatu ya mwezi. Kabla hajarudi, vita viliingia mjini. Mimi na mama mkwe tulikimbia kwa miguu, tukapita Pundanhar, tukavuka Ruvuma. Waliorudi kutoka visiwani hawakumwona. Hakuna aliyeniambia amekufa, hakuna aliyeniambia yu hai. Nilingoja kilio kije, hakikuja. Nilipika, nilifua, nilipanga foleni ya chakula, nikarudi Palma, nikajenga choo upya. Sikusikia kitu. Watu walisema nina moyo mgumu, na sikuwa na hamu ya kuwabishia.

Mwaka huu mwalimu wa msikitini alituita. "Mama, miaka minne imetimia. Tumhesabu marehemu. Kaa eda, kisha utakuwa huru."

Mama mkwe alilia. Mimi niliuliza naanza lini. Mwalimu akasema mwezi ukiandama, miezi minne na siku kumi. Eda ikiisha sitakuwa tena mke wa mtu. Nilielewa hivyo, na hata hilo halikuniuma.

Nikaanza siku ya biji. Nilivaa nyeupe, nikakaa ndani. Wifi yangu, mdogo wake mume wangu, aliniletea maji na chakula, na kila mara aliniuliza zimebaki ngapi. Mwenye duka na mkewe walishahama na kalenda yao, lakini majina hayakunitoka kichwani. Niliyahesabu kama mtu anayechambua mchele. Biji, athami, punamu, amasi, kisha biji tena.

Siku ya kumi ya mwezi wa tano wa eda ilikuwa agiyarasi. Ikapita. Asubuhi yake wifi alikuja na ndoo ya maji ya kunitoa eda, na kanga mpya begani.

"Então basi, wifi, si ndo tumemaliza?"

Niliitazama ile ndoo. Mara ya kwanza tangu tukimbie, nikasikia kitu kikiniuma.

"Bado," nikasema. "Leo agiyarasi tena. Mwezi huu zipo mbili."

Telefone ya wifi ilikuwa mkononi mwake, ina tarehe zote. Hakuifungua. Aliitundika kanga kwenye msumari wa mlango, akaibeba ndoo yake.

"Haya, wifi. Kesho."

Nilifunga mlango nikarudi kulala, upande wangu wa kitanda, nikamwachia mume wangu nafasi yake.