Pasi Tisa za Shangazi

Nyumbani kwa shangazi yangu kuna pasi tisa alizozinunua mwenyewe, na hakuna hata moja inayopata moto. Kuna pia chupa nne za chai zisizo na vifuniko, taa ya mezani iliyovunjika shingo, na mizani ya jikoni ambayo ukiiwekea chochote, hata kijiko, inakuambia kilo mbili. Mgeni akiingia hudhani mzee ameanza kupotewa na akili. Ningependa mgeni huyo ajue kwamba kila pasi pale ililetwa kwa mpango, na kwamba mwenye mpango ana akili kunizidi.

Alikuwa opereta wa simu kwa miaka thelathini na mmoja, meza namba nne, katika ofisi kubwa ambako sauti yake ilijulikana na mamia ya watu wasiojua sura yake. Hakuolewa, hakuzaa. Mimi na kaka yangu tulikaa kwake tulipokuwa sekondari. Mashine ya gemu ilikuwa yetu, zawadi ya baba, ya aina ile ya zamani ambayo unachomeka kaseti juu yake baada ya kuipuliza vumbi. Shangazi aliichukia. Aliifungia kabatini mpaka tumalize kazi za shule. Halafu siku moja tulirudi tukamkuta amekaa kwenye zulia, viatu vya kazini bado mguuni, pedi ya kuchezea mkononi, anamtukana mbwa aliyekuwa ndani ya televisheni. Tulipokwenda chuo hatukuidai mashine, na yeye hakuirudisha.

Gemu aliyoipenda tuliiita Mhudumu. Kijana wa koti jeupe amebeba mrundo wa sahani, anapanda hoteli ya ghorofa thelathini. Milango inafunguka ghafla, matoroli yanakuja kwa kasi kutoka kushoto na kulia, na kuna mbwa. Sahani zikianguka, unarudi chini kabisa. Shangazi alifika ghorofa ya ishirini na nane mara mbili katika maisha yake. Hakujua juu ya paa kuna nini.

"Mtu hawezi kubeba sahani miaka yote hii," alikuwa akisema, "asijue anampelekea nani."

Alipostaafu alianza kutafuta kaseti nyingine kwenye maduka ya mitumba, na hapo ndipo pasi zilipoanza kuingia. Alikuwa na sheria yake: usishike unachokitaka. Ukikishika, umeshakilipia mara mbili. Aliingia dukani, akauliza bei ya pasi, akaikosoa waya, akaikosoa kitako, akabishana nusu saa. Walipokubaliana, akiwa ameshageuka kuondoka, alinyoosha mkono kwa uvivu kwenye boksi la kaseti. "Na hiki kiplastiki unitilie humo, nikawape watoto wa jirani wakichezee." Jirani yake ni fundi wa vioo, na hana watoto.

Kisha ikaja presha ya macho. Daktari alimweleza bila kuzunguka: pembeni kutaanza kufa, kushoto na kulia, halafu giza litasogea katikati. Upasuaji ungelichelewesha, usingelizuia. Pengine miaka miwili, pengine mitatu. Shangazi alimsikiliza, akashukuru, na tulipofika nje ya mlango akasema, "Basi paa nitaliona kwanza."

Alilazwa siku nne. Mimi nilikaa naye wodini. Ufunguo wa nyumba tulimwachia kaka yangu.

Kaka yangu si mtu mbaya. Ninaandika hivyo nikiwa nimeuma meno. Alipaka sebule rangi, akaziba bomba lililokuwa likivuja, na akachukua boksi zima la kaseti akalipeleka kwenye duka la mitumba. Mashine yenyewe aliiacha chini ya televisheni kwa sababu ilikuwa imefunikwa kitambaa, akadhani ni king'amuzi. Pasi pia aliziacha. Pasi, alisema, ni kitu cha maana.

Shangazi alirudi na bandeji juu ya jicho moja. Alikwenda moja kwa moja kwenye kabati, akapapasa rafu, akapapasa tena. Kisha akageuza mwili mzima, kwa sababu kugeuza kichwa tu hakukumtosha tena, mpaka akampata kaka katikati ya jicho lake.

"Ziko wapi?"

"Shangazi, nimepunguza vitu tu. Una miaka sitini na nane. Michezo ya watoto..."

"Na wewe una arobaini na sita, na bado hujajifunza kubisha hodi kwenye maisha ya mtu."

"Nimekupakia rangi!"

"Macho ya kuiona umeniletea?"

Kaka aliondoka akisema mzee amekuwa mkali siku hizi. Siku hizi! Mwanamke aliyewahi kumkatia simu mkurugenzi kwa sababu alimwita "wewe". Hasira haikumjia na ugonjwa. Tofauti ni kwamba zamani alikuwa na muda wa kuipumzisha.

Kaka hakutaja duka, na Shangazi alinikataza kumuuliza, kwa hiyo tukaanza kutafuta upya, kila Jumamosi asubuhi, mimi nimemshika kiwiko na yeye amechukia kushikwa. Lakini mambo yalikuwa yamebadilika. Watu wenye kazi nzuri walikuwa wamegundua utoto wao. Kaseti zilizokuwa zikitupwa kwenye boksi pamoja na vijiko sasa zilikaa kwenye kabati la kioo, zimefutwa, zimepangwa, zimebandikwa bei ambazo Shangazi alinitaka nizisome mara mbili. Tulizunguka maduka sita, wiki baada ya wiki. Katika duka moja muuzaji alimwambia kwa upole kwamba hiyo ni bidhaa ya wakusanyaji, bibi. Shangazi alimuuliza yeye anadhani amekuja kufanya nini, kupanda mbegu?

Tulikubaliana alama. Nikiiona Mhudumu, nisiseme neno. Nimbonyeze kiwiko mara mbili, yeye aombe pasi.

Duka la mwisho lilikuwa la Bei Moja, muuzaji wa pasi zake nyingi. Aliitwa hivyo kwa sababu ya kibao chake cha mlangoni, na katika historia ya duka lile hakuna wateja wawili waliowahi kulipa sawa. Vitu vilining'inia mpaka darini: baiskeli, viti, feni. Shangazi alisimama katikati kama kawaida, anaangalia mbele. Mimi nikainama kushoto kwake, kwenye rafu ya chini, nje kabisa ya dunia anayoiona. Kijana wa koti jeupe alikuwa ananitazama.

Nimesoma. Nina shahada, na kazi yangu ni kufundisha watu wazima namna ya kupanga mawazo yao. Nikapiga kelele kama mtoto aliyeona ndege.

"Shangazi! Mhudumu huyu hapa!"

Kiwiko chake kilikakamaa mkononi mwangu. Bei Moja, aliyekuwa anafungua feni, akaiweka bisibisi chini taratibu. Nilikuwa nimeshaigeuza kaseti, na nyuma yake nikaona mwandiko wa kalamu ya wino, umefifia: Meza 4. Ilikuwa yake. Ile ile.

"Hiyo," Bei Moja akasema, "ni adimu sana." Akataja bei. Ilikuwa nusu ya pensheni ya mwezi.

Shangazi hakutetereka. Alinyoosha mkono kwenye meza iliyo mbele yake, akapapasa, akakipata alichokitaka. "Pasi hii bei gani?"

Bei Moja akacheka, na hakikuwa kicheko kibaya, ndiyo maana kiliuma. "Mama, tusizungushane bwana. Hizo pasi zilikuwa zinanikalia. Kila ukija najua unataka kaseti, kwa hiyo naitia bei ya kaseti kwenye pasi. Umenisaidia kumaliza pasi mbovu za miaka mitano! Kaa na pasi yako, hiyo bure. Lakini kaseti siku hizi ina wenyewe."

"Ina mwenyewe," Shangazi akasema. "Jina la meza yangu liko mgongoni. Ulimlipa nini aliyekuletea?"

"Aliniachia hivi hivi. Alisema ni takataka."

Sijawahi kuona uso wa mtu ukifungwa namna ile. Aliirudisha pasi mezani, bila kelele. "Miaka mitano," alisema, "nimeficha shida yangu mbele ya mtu anayeipima kwa mizani. Mwizi ana heshima kuliko wewe. Mwizi huvunja mlango. Wewe ulinifungulia, ukaniita mama."

"Mama, hii ni biashara tu."

"Nami nilikuwa simu tu. Lakini sikusikiliza mazungumzo ya mtu."

Akanitoa mkono kwenye kiwiko chake na kuelekea mlangoni peke yake, kichwa juu. Baiskeli iliyoning'inia upande wa kushoto hakuiona. Kanyagio lilimpiga kwenye shavu. Watu watatu walikuwepo dukani na wote watatu walitazama pembeni, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa mmoja wao.

Nilimpeleka nyumbani. Kisha nikasimama barabarani nikampigia simu kaka.

"Njoo kwa Bei Moja. Njoo na pochi."

"Nina watu hapa, dada."

"Njoo na pochi au nije niwaeleze watu ulio nao."

Alikuja. Alipoambiwa bei macho yalimgeuka mekundu. "Kwa hiki? Nilimpa bure huyu mtu!"

"Ndiyo," nikamwambia. "Basi nunua ulichogawa."

Alijaribu kupunguziwa. Alisema ni ya mgonjwa, alisema ni ya mzazi, alisema hata ni yake. Kila alilosema lilikuwa kweli kiasi na lilimpandishia bei. Mwishowe alilipa yote, na Bei Moja, kwa moyo safi kabisa, akamwongezea pasi.

Kaka alikwenda na kaseti mfukoni mwa shati na pasi mkononi. Mlango wa Shangazi ulikuwa wazi. Nilimwona akinyanyua mguu kuingia, akausimamisha hewani, akaurudisha.

"Hodi."

Akagonga fremu ya mlango.

"Hodi, Shangazi."

"Nani?"

"Mimi. Nimeleta kitu chako."

"Umeleta na nini kingine? Nasikia waya unaburuzika."

"Pasi."

"Ya kumi," akasema. "Pita."

Sitasema alimsamehe, maana sikumsikia akimsamehe. Shavu lake lilikuwa limevimba. Aliichukua kaseti, akaipapasa mgongo kana kwamba wino unasomeka kwa kidole, akaipuliza, akaichomeka. Aliketi kwenye zulia, na kwa umri wake kuketi huko kulikuwa kazi ya dakika nzima ambayo alitukataza kumsaidia.

Katika ghorofa ya pili toroli lilikuja kutoka kushoto likamwangusha. Ghorofa ya pili! Alirudia, likamwangusha tena. Macho yake yalikuwa yamekazwa katikati ya kioo, na hatari zote ziliishi pembeni. Mara ya tatu aliiweka pedi mapajani. Nilidhani atalia. Sijui kwa nini bado huwa nadhani hivyo.

"Wewe mkarimu," akamwambia kaka, "kaa kushoto. Wewe mwenye mdomo mkubwa, kaa kulia. Mdomo mliutumia dukani, utumieni na hapa. Kitu kikija, semeni. Msinieleze kinafananaje. Semeni kinatoka wapi."

Tukakaa. Watu wawili wenye mvi zinazoanza, magoti yanalia, tunapiga kelele. Kushoto mlango! Kulia toroli! Mbwa, mbwa! Vidole vyake vilikwenda haraka kuliko sauti zetu, na kwa mara ya kwanza nilimwona kama walivyomwona wenzake kazini: mtu aliyezoea kuunganisha sauti asizoziona, akikasirikia kila moja inayosita. Ghorofa ya tano. Ya tisa. Ya kumi na nne. Kaka alikuwa ametoka jasho. Alikuwa amesahau bei.

Katika ghorofa ya kumi na tisa kaka alisita kidogo tu, pengine nusu ya pumzi. Sahani zikamwagika zote.

"Umechelewa," Shangazi akasema.

"Nilisema kushoto!"

"Ulisema baada yake. Simu ikishakatika usimwambie mtu subiri." Akabonyeza kitufe. Kijana wa koti jeupe akasimama tena chini kabisa, sahani zake nzima, kana kwamba hajawahi kuangusha hata moja. "Tena. Na Jumamosi ijayo uje mapema. Mimi sina macho ya kusubiri watu."