Nimemwita marehemu Mama Jiho

Leo nimemuumiza mfiwa mbele ya watu. Someni, kisha mniambie kama nimerekebisha.

Tulikuwa tunamzika jirani yetu wa hapa ugenini, mtaa wa Doonside, bibi Mkorea aliyemlea mjukuu wake, Jiho.
Sisi tulizoea kumwita Mama Jiho, maana kwetu mwanamke huitwa kwa heshima jina la mtoto anayemlea.

Niliposimama kutoa rambirambi, nikasema, "Mama Jiho ametuacha."

Kumbe mama mzazi wa Jiho alikuwa amekaa mbele yangu. Alikuwa amerudi jana kutoka Korea, anakofanya kazi miaka yote hii.
Akainamisha kichwa.

Kaka wa marehemu ndiye aliyeniokoa.
"Mzee hajakosea," akasema. "Bibi tunamwita halmeoni. Zamani yalikuwa maneno mawili: han, yaani kubwa, na eomeoni, yaani mama. Yakashikana polepole, n ikageuka l. Bibi ni mama aliye mkubwa zaidi."

Baada ya maziko mama yule akanifuata.
"Na mimi utaniitaje, mzee?"

"Mama Jiho," nikamwambia. "Marehemu alikuwa anakutunzia tu jina lako."