Mke wa Mpelelezi

Kazi yangu ni kutafsiri mikataba, Kiingereza kwa Kiarabu na Kiarabu kwa Kiingereza, katika ofisi moja hapa Maskati, na kwa miaka mingi nimejiona bingwa. Wenzangu wakikwama huja mezani kwangu, nami huvua miwani taratibu kabla ya kujibu, ili wajue wamefika kwa mwenyewe. Nalisema hili mapema ili msomaji asinionee huruma.

Baba alipofariki, mama alikaa eda nyumbani kwao Bawshar, miezi minne na siku kumi bila kutoka. Wiki ya tatu ilipofika, akawa hasemi. Salamu anaitikia, sala anasali, chakula anakigusa tu na kukisukuma. Mazungumzo hana, na marehemu hakumtaja hata mara moja. Dada yangu, anayeishi naye, akaniambia, "Tukimwacha hivi huyu, atamfuata mwenziwe. Fanya kitu."

Nikajua cha kufanya. Baba aliacha katoni nzima ya vitabu vya upelelezi vya Kimarekani, vya zamani, karatasi zimegeuka manjano, na kila jalada lina mwanamume wa kofia na mwanamke anayelia. Alivinunua Unguja ujanani, akahama navyo. Mama hajui Kiingereza, na kila alasiri tangu utoto wangu baba alikuwa akimsomea kwa Kiswahili, kitabu mkononi, kahawa pembeni. Basi mimi, bingwa, ningekirithi kiti chake. Kila nikitoka ofisini nikawa napitia kwao kabla ya kuvuka mlima kurudi kwangu Al Amerat.

Siku ya kwanza tu nikagundua kwamba watu wa vitabu vile hawasemi Kiingereza ninachokijua. Pesa kwao ni kabichi. Almasi ni barafu. Mpelelezi ni kiatu cha mpira, mwanamke ni sketi, na anayewachongea wenzake kwa polisi ni njiwa wa kigoda, ambaye akibanwa huimba. Mtu aliyezoea "upande wa kwanza wa mkataba huu" atashika wapi hapo? Ningeweza kusema sijui. Badala yake nilinunua kamusi mbili, nikajaza daftari zima, nikawa nasoma kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari: "Sketi akamwambia kiatu cha mpira kwamba njiwa ameimba." Kisha nasita kutoa ufafanuzi, neno limetoka wapi na wahuni wa mji gani walianza kulitumia. Mama anaangalia zulia. Dada yangu, akipita na sinia la kahawa, akaniuliza kama hiki ni kitabu au mtihani.

Siku ya nne mama akafungua kinywa.

"Mkewe yuko wapi?"

Nilifurahi kama mtoto. "Mke wa nani, mama?"

"Wa huyo mpelelezi. Mbona hajatokea mpaka saa hizi?"

Nikamweleza kwamba mpelelezi huyu hana mke, analala ofisini kwake na kunywa pombe. Mama akatikisa kichwa. "Yupo. Mie nnamjua. Yeye ndiye anayewakamata wezi, mumewe anatembeatembea tu."

Hapo mwenye akili angenyamaza. Mimi nilikwenda kutafuta ushahidi. Usiku kucha nilikipekua kitabu kile, na vingine vitatu juu yake, na kesho yake nikamthibitishia kwamba mke hayumo. Baba, nikamwambia kwa upole wa kitaalamu, alikuwa hayaelewi maneno ya mitaani ya Wamarekani, kwa hiyo akibuni. Hata mwezi haukutimia tangu nimzike baba yangu, na tayari nilikuwa namsahihisha.

Mama alinitazama kama anavyotazama samaki aliyelala sokoni.

"Kwani ulidhani sijui? Baba yako akifika pahala asipopaelewa alikuwa akiniuliza. 'Bibi wee, hapa wanasema barafu ilikuwa mfukoni mwa maiti. Itakuwaje hiyo?' Mie namwambia, basi huyo kauliwa sasa hivi, barafu haijayayuka; mke wa mpelelezi kesha kuigusa kanzu ya maiti, haijarowa. Ndiyo tukienda hivyo. Huyo mke nimemtia mie." Akaninyooshea kidole. "Wewe umekuja siku ngapi? Hujaniuliza kitu hata kimoja."

Masikio yaliniwaka kwa haya. Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Siku iliyofuata nilikuja nimejipanga. Nikasoma nusu ukurasa, nikakwama makusudi kwenye neno nililokuwa nimeliandika daftarini kwa wino mwekundu, nikavua miwani.

"Mama, hapa sijui wana maana gani."

"Hilo unalijua," akasema. "Uso wako wa uwongo nnaujua tangu una miaka minne. Niulize usilolijua."

Nikafunua kurasa mbele na nyuma. Hakuna neno nililoliona geni, nilikuwa nimeshayachimbua yote. Na pale, nikiwa nimekosa cha kuuliza, nikaona aibu kubwa zaidi ya ile ya jana. Siku zote hizo nilisoma kwa sauti ya juu ili pasipatikane nafasi ya swali moja, lile nililoliogopa tangu asubuhi nilipofika kwa mbio na kumkuta baba ameshafunikwa shuka. Nikakiweka kitabu chini.

"Mama, baba alisema nini mwisho?"

Alivuta mto, akauweka mgongoni, akakaa vizuri.

"Aliniuliza nimelalaje," akasema. "Nikamwambia vibaya, goti linaniuma. Akanyanyuka kunichukulia mafuta ya kuchua. Hakufika mlangoni."

Akalia, nami nikalia. Dada yangu akaingia, akaliweka sinia sakafuni na kukaa. Mama akazungumza mpaka adhana ya magharibi, na sikumkatiza hata mara moja kumfafanulia neno.