Sindano za Kichwani na Mikono ya Shangazi

Shangazi yangu alijaliwa vidole. Wengine hujaliwa sauti, wengine mapishi. Yeye ukimpa kichwa cha mtu na kitana, basi. Alinilea tangu mama yangu alipofariki nikiwa na miaka sita, kwanza Unguja, kisha Birmingham, kwenye nyumba yetu ya Sparkbrook ambayo jikoni mwake watu wawili wakipishana, mmoja hujibana ukutani. Kila Jumamosi alikaa kitini, mimi nikakaa chini kati ya magoti yake, akanisuka twende kilioni, misuko myembamba inayotoka kwenye paji la uso kwenda kisogoni. Alivuta. Alivuta, jamani! Nikilia, alinigonga utosini kwa kitana akasema, "Mtaka uzuri hudhurika." Nilifika miaka thelathini na tatu bado nakaa pale chini, na bado nagongwa.

Sikuwa peke yangu. Walikuja wanawake wa kwetu, wengine kutoka Ladywood kwa basi, na watoto wao wanaoulizwa kwa Kiswahili wakajibu kwa Kiingereza. Jikoni palinuka mafuta ya nazi na mdalasini wa chai, na hakuna ndoa wala talaka ya mji mzima iliyopita bila kujadiliwa pale. Shangazi hakujua Kiingereza zaidi ya "thank you" na "too much". Goti lilimsumbua, hatoki ila kwa sababu. Jumamosi hiyo moja ndiyo iliyombeba wiki nzima. Nalisema hili mapema ili nikifika kwenye uongo wangu mnielewe.

Mwishoni mwa ile miaka ya elfu mbili paji langu likaanza kupanda. Nje hakuna aliyeona, maana ushungi ni sitara. Lakini juu ya masikio na mbele kote nywele zilikuwa zimekimbia, ngozi inang'aa. Shangazi alimlaumu marehemu kaka yake. "Kipara cha baba yako hicho, kimekosa mtoto wa kiume kikakuona weye." Akawa anavuta zaidi ili misuko ifunike pengo.

Mwenzangu kazini ndiye aliyeniambia kuna daktari mtaa wa Moseley anatibu nywele kwa damu ya mtu mwenyewe. Wanakutoa damu mkononi, wanaizungusha kwenye mashine mpaka ijitenge, ile nyekundu inakaa chini na maji yake ya manjano yanabaki juu, kisha maji hayo wanakudunga nayo kichwani palipoota upara. Nilimweleza Shangazi nikijua atakataa. Hakukataa, alishangaa tu.

"Kwetu mtu akiumikwa kwa pembe, damu inatolewa inamwagwa. Hawa wanaitoa halafu wanairudisha?"

"Wanarudisha maji yake tu, Shangazi."

"Nakwenda na weye. Mtu hatolewi damu peke yake."

Kliniki ilikuwa nyumba kubwa ya kizamani yenye vioo vya rangi mlangoni, na Shangazi alivua viatu kabla sijawahi kumzuia. Daktari alikuwa mwanamume wa makamo mwenye nywele tele, jambo ambalo Shangazi alilihesabu kuwa cheti. Pembeni alisimama muuguzi akipanga sindano, mwanamke mweusi wa umri wangu. Nilidhani ni mtu wa visiwa vya Karibi kama wengi wa mji ule. Sikumtilia maanani.

Daktari akanitazama kichwa kwa kioo cha kukuzia. Akauliza nasuka vipi, na tangu lini. Nikamjibu. Akasema kwa Kiingereza, taratibu, kwamba si urithi. Ni kuvutwa. Ili nielewe vizuri, akashika nywele zake mwenyewe kwa vidole kumi akazivuta nyuma mpaka nyusi zikapanda. Miaka na miaka ya hivi, akasema. Hakuahidi kitu: tiba ni mpya, wengine inawafaa, wengine haiwafai, na palipokufa kabisa hapaoti tena. Lakini sharti la kwanza, misuko hiyo iachwe.

"Anasemaje?" Shangazi aliuliza.

Nikamwangalia. Alikuwa ameweka mikono yake miwili mapajani, safi, kucha zimetiwa hina, kama mtu aliyekuja na zawadi.

"Anasema ni baridi ya nchi hii, Shangazi. Na maji yao ya bomba."

"Nilijua! Maji yao yana dawa." Kisha akakunja uso. "Na pale alipojivuta nywele?"

"Alikuwa anaonyesha upepo."

Nyuma yangu muuguzi akakohoa. Shangazi alipojikokota kwenda kuitazama mashine ya kuzungushia damu, muuguzi akaniinamia na kamba ya kunifungia mkono. "Sister, huo upepo umeutoa wapi?" Kiswahili cha Nairobi, safi kabisa. Nilitamani sakafu inimeze.

"Tafadhali, usimwambie. Ni yeye anayenisuka."

"Mimi siko hapa ku-spoil mambo ya watu. Lakini akiniuliza, sister, sidanganyi mtu wa umri wa mamangu."

Damu ikatolewa, ikazungushwa, nikadungwa. Vijisindano vidogo vidogo, mstari mzima wa paji, na bomba la sindano limejaa maji ya rangi ya samli iliyoyeyuka. Maumivu yake, niseme kweli, hayakufikia ya Jumamosi. Shangazi alinishika mkono, anasoma dua chini chini, na kila sindano alifumba macho yeye badala yangu.

Tuliambiwa kichwa kisiguswe na maji mpaka kesho. Nikaingiwa na wasiwasi wa udhu. Shangazi akacheka. "Nywele mbili tatu za kisogoni zinatosha, mwanangu. Huko si hawajakudunga?" Nikaswali hivyo. Nilimpenda sana siku ile, na nilivyozidi kumpenda ndivyo uongo ulivyozidi kunikaa kooni.

Matibabu yalikuwa mara tatu, mwezi baada ya mwezi. Jumamosi zote za katikati nilisema daktari amekataza kichwa kushikwa. Yeye akaendelea kuwasuka wengine na kuwaonya juu ya upepo wa Birmingham. Wanawake wakaanza kuwafunga watoto wao skafu mbili mbili. Nilikuwa nachemsha chai nikisikiliza, naona haya.

Mara ya tatu nilikwenda chooni baada ya sindano. Niliporudi, Shangazi na muuguzi walikuwa wamekaa bega kwa bega wakizungumza Kiswahili, muuguzi amemshika mkono. Shangazi alikuwa anajivuta nywele za kipajini chini ya ushungi wake, kidogo kidogo, kama anayejaribu kitu.

Muuguzi akaniangalia. "Ameuliza, sister."

Tukarudi nyumbani mvuani, yeye mbele. Nilimwambia nguo zinalowa, akaenda tu. Nilimwambia goti lako, Shangazi, pole pole, akazidisha mwendo. Jioni kitana hakikuwepo mahali pake juu ya friji. Jumamosi alipokuja mwanamke wa kwanza, Shangazi alimfungulia mlango akamwambia mikono inamuuma, siku hizi hasuki. Wa pili vivyo hivyo. Mwezi uliofuata hapakuja mtu. Akawa anakaa kitini kile kile, anatazama dirisha la jirani, chai inapoa. Nilijaribu mzaha, nilijaribu kupika boko boko la ngano na nyama alipendalo, nikanunua mpaka mashine mpya ya kusagia nazi. Alisema ahsante, akarudi dirishani. Niliogopa. Niliwahi kumwona hivyo mara moja tu, alipozikwa baba yangu.

Nywele zikaanza kuota. Si nyingi: malaika tu, laini, upande wa kushoto zaidi kuliko kulia. Daktari alisema hawezi kuapa kama ni yale maji ya damu au ni kule kuacha kuvutwa. Mimi sikujali ni kipi. Jumamosi ile nilipekua kabati lake nikakikuta kitana kimefungwa kwenye kanga, chini ya sanda aliyojiwekea. Nikakaa sakafuni kati ya magoti yake, nikamnyooshea.

"Nisuke."

"Toka hapo."

"Sitoki. Mbele usiguse. Nisuke nyuma, legelege."

Akakichukua kitana. Kisha nikasikia vidole, vyepesi, vinatafuta njia. Kila akipitisha msuko aliuliza, "Nakuumiza?" Nikasema hapana. Msuko wa pili, "Nakuumiza?" Hapana. Wa tatu akasita katikati.

"Na zamani? Zamani nilikuwa nakuumiza?"

Upepo ulinijia mdomoni, na baridi, na maji ya bomba. Nikavimeza vyote.

"Ulikuwa unaniumiza, Shangazi."

"Mbona hukunambia?"

"Nilikuwa nalia."

Nilihisi tumbo lake likipanda na kushuka mgongoni kwangu. "Kweli," akasema. "Ulikuwa ukilia." Akainama akanibusu pale mbele, penye malaika, na uso wake ulikuwa umelowa. Halafu akaokota msuko pale alipouachia.

Wanawake walirudi, na watoto wao. Anawasuka legelege sasa, na mtoto akikunja uso tu anaacha. Misuko yangu ya siku ile ilifumuka yote kabla hatujala chakula cha jioni. Aliniona, akanivuta sikio taratibu. "Kaa," akasema, "nianze tena."