Mguu wa Verediana na Ganzi Mbili

Verediana wa kijiji cha Mogitu alikuwa na ulimi ambao hata marehemu mumewe alikuwa akiukwepa. Kila mavuno, kombaini za shamba la ngano la serikali zikishapita, alikwenda na wanawake wenzake kuokota masuke yaliyobaki. Siku hiyo trela la shamba likarudi nyuma bila dereva kuangalia, likamponda mguu chini ya goti. Dereva akashuka mbio, akaanza kwa kukagua tairi. Tairi! Mtu analia chini, yeye anakagua tairi.

Hospitalini wakamlaza mezani akiwa macho, maana angechomwa ganzi ya mgongoni, ile ya kufisha kiuno kwenda chini. Basi mabwana wawili wakaanza kubishana juu ya kichwa chake kana kwamba yeye ni gunia. Daktari Alfredi, mpasuaji, kijana wa mjini, alitaka lignokaini kwa kuwa inashika upesi. Hermani, mtu wa ganzi, akasema inashika upesi na kuisha upesi, haitatosha kuunga mfupa uliosagika vile. Bora bupivakaini: inachelewa kushika, lakini inadumu mpaka jioni.

"Inachelewa kiasi gani?"

"Kama nusu saa."

Daktari akaguna. "Nusu saa tumekaa tu? Weka ya haraka, tukate, tumalize. Kukata hakuchukui muda."

Verediana alisikia kila neno. Akaingiwa na hofu ambayo hakuwahi kuijua. Mjane wa mguu mmoja, shamba lake atalilima nani? Kisha hofu ikageuka hasira.

"Shikamoo, daktari," akasema, yeye mwenye umri wa kumzaa. Chumba kizima kikaona aibu. "Kwetu tunakesha zizini tukimngoja ng'ombe azae, hatumkati miguu ili tukalale. Wewe nusu saa inakushinda? Mama yako alikungoja miezi tisa, na angalia alichopata!"

Hermani akageukia ukuta, mabega yakimtikisika. Daktari akavuta kiti, akaketi.

"Weka ya polepole," akasema.

Jioni, wodini, Verediana hakuusikia mguu. Akapapasa plasta ngumu chini ya blanketi, asiamini. Nani ajuaye, labda wamemfungia gogo ili anyamaze. Walaghai wakubwa! Akawatukana wote, mmoja mmoja, mpaka ganzi ilipoanza kuachia na maumivu yakapanda kutoka kwenye kisigino kama moto.

"Uma," akauambia mguu, machozi yakimtiririka. "Uma, mshenzi wewe. Uma nijue upo."