Ng'ombe Wangu wa Rozi

Aibu hii naitoa mi mwenyewe, kwa sababu nikinyamaza Fiston ataitoa na ataongeza chumvi (tunafuma naye mapulovu ya wanafunzi kule Kanyosha, na mdomo wake hauna mlango). Basi isikieni kwangu, mucheke mara moja, tumalize.

Munajua nilivyomtaka Zuhura. Munajua pia baba yake, Mzee Salum, mwenye duka la vitambaa Buyenzi, hakuwa ananikataa kwa ubaya, ila alikuwa na swali moja: huyu kijana, ambaye mwaka juzi alikuwa Innocent, amesilimu kwa ajili ya Mungu ama kwa ajili ya binti yangu? Nilifunga Ramadhani yote, nikaswali, nikanunua kanzu, na bado alikuwa ananiangalia kama nimeficha kipande cha nguruwe mfukoni, hata jina langu jipya, Idrisa, halitamki, ananiita "kijana" tu. Halafu siku moja akaniambia: njoo Ijumaa baada ya sala, tule, nikupe jibu langu.

Sasa mtu haendi mikono mitupu. Nikasema nitamfumia mama mkwe manike, vile vitambaa vinene vya kushikia sufuria ya moto, lakini za kifundi, safu mbili unazifuma kwa pamoja na nyuzi za rangi mbili, ukimaliza picha inaonekana mbele na nyuma, rangi tu ndiyo zimebadilishana, hakuna upande wa kuficha (muikumbuke hiyo). Na picha iwe nini? Ng'ombe! Hapa kwetu posa bila ng'ombe ni posa gani, na wa kweli nilikuwa bado sijampata, basi wa uzi atangulie. Nikamchora kwenye karatasi ya miraba ya hesabu, pembe ndefu, miguu mirefu, mkia juu, kila mraba kitanzi kimoja. Rangi nikachukua nyeupe na rozi, ile ya waridi, kwa sababu jiko la mama mkwe limepakwa rozi.

Zuhura akaniambia kwenye simu, "Fuma kwanza ka eshantiyo, kipande cha kujaribu, uone kanatoka aje."

"Eshantiyo ya nini? We unaongea na fundi!"

Hapo ndipo nilipojiponza. Mraba wa karatasi una pande sawa, lakini kitanzi cha uzi ni kipana kuliko urefu wake, kwa hiyo picha usipoirefusha kwenye mchoro inabonyea, kama mtu ameikalia. Miguu inafupika, tumbo linajaa, pembe zinabaki masikio, mkia unajikunja. Na mi najua hiyo, bana, ndiyo kazi yangu! Ila ukifuma pua ikiwa karibu na sindano unaona vitanzi, mnyama humuoni. Fiston alichungulia akasema, "Eeh, huyu amenona!" Nikamshukuru, nikavifunga kwenye karatasi ya zawadi.

Ijumaa nikafika, kanzu imepigwa pasi, nanukia udi. Ukumbi uko wazi kwa uani, pale pilau inamalizikia kwenye mbabula ya makaa, sufuria kubwa, mama hajaiteremsha kwa sababu Zuhura alimwambia manike mpya zinakuja, na yeye mama asubuhi ile akatupa matambara yake yote ya zamani. Akafungua zawadi mbele ya watu. Akaziinua kwenye mwanga.

Shangazi Moza, dada wa mzee, akasogea. "Astaghfirullah. Nani huyu?"

Nikaangalia kwa mbali kwa mara ya kwanza. Yarabi! Nguruwe. Nguruwe wa rozi, mnene, ameridhika na maisha yake.

"Ni ng'ombe, shangazi," nikasema, sauti kama ya mbu.

"Geuza tuone nyuma," akasema mzee huku anavaa miwani. Mama akageuza. Nyuma yuko mwingine, mweupe, anaangalia upande ule mwingine. Na ufundi wangu mwenyewe ndio ulimleta!

"Wako wawili!" shangazi akalia.

Hapo mtu mwenye akili angeomba msamaha. Mi nikasema, "Samahani, nilikosea, ni kiboko. Kiboko wa ziwa letu."

"Dakika hii alikuwa ng'ombe," mzee akasema. Zuhura alijifunika uso na ushungi, sijui analia ama anacheka.

Ndipo harufu ya kuungua ikatufikia. Pilau! Wote wakaruka, matambara hakuna, mama akanitupia zile manike na kupiga kelele, "Teremusha, mutoto, inaungua!" Nikafika kwenye mbabula, nikaziangalia mkononi, nikaangalia sufuria ya mama, sufuria ya watu wa swala. Apana. Nikazitupa chini, nikavuta pindo la kanzu kwa mikono miwili mpaka shingoni, nikashika sufuria nalo. Kanzu ile ni nyepesi, wandugu, nilisikia moto mpaka kwenye meno, lakini niliiteremsha. Na wakati nateremsha, ukumbi mzima uliona kaptula yangu yenye tundu, na juu yake fulana ya kwaya, ile ya zamani, yenye msalaba kifua kizima (ndiyo pekee iliyokuwa safi).

Nikakaa chini, viganja vimevimba, nikajua basi, Zuhura nimemkosa. Nililia, sifichi.

Mama mkwe akaja na maji ya baridi, akashika mikono yangu, akamgeukia mume wake. "Fulana nimeiona. Nguruwe nimemuona. Lakini vile vitu alikuwa navyo mukononi, Mzee, na akakubali kuungua ili visiguse chungu yangu. Unataka ushahidi gani mwingine?"

Mzee akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Shangazi alikuwa tayari anafumua wale nguruwe, kila uzi na bismillahi yake.

"Idrisa," mzee akasema, "sogea ule. Na ng'ombe wa mahari nitamkagua mimi mwenyewe."

Kwa sababu ya mikono ile iliyoungua, Zuhura ndiye alinilisha, mbele ya baba yake. Sasa tumeoana, na mi bila eshantiyo sifumi hata soksi, naitundika ukutani, narudi nyuma mpaka mlangoni, namuita mke wangu aniambie ni nini. Wanyama niliacha, nafuma maua tu. Mama mkwe nikimpelekea anashukuru sana, anasema ni mazuri, halafu anageuza kwanza nyuma.